Mchezaji Akitundika Daluga, Nani Anabaki na Deni?

Kila baada ya muda hupita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Unguja na Pemba picha ya namna moja. Kwa kweli ni picha mbili zilizounganishwa. Kushoto kuna kijana mwenye jezi, mguu mmoja juu ya mpira, kifua mbele. Kulia kuna mtu mzima amelala kwenye godoro, kakonda, shuka imefunika miguu. Chini pameandikwa jina lake la utani la uwanjani, maradhi yanayomsumbua, na namba ya simu ya kupokea mchango. Dua hazijafika kumi, mabishano yashaanza. Mmoja anauliza klabu yake iko wapi. Wa pili anasema hilo ni la ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar. Wa tatu anaitaja serikali, maana huyu alivaa jezi ya Zanzibar. Wa nne, ambaye hakosekani, anakumbusha kuwa enzi zake jamaa alikuwa mtu wa starehe na pesa alizila mwenyewe.

Wote wanne wanazungumzia jukumu, lakini kila mmoja ana lake kichwani. Ndiyo maana mjadala huzunguka siku mbili, mchango ukakusanywa au usikusanywe, kisha kimya mpaka picha nyengine. Makala haya yanajaribu kuyatenganisha yaliyochanganywa: nani anadaiwa nini, kwa sheria gani, na nani hadaiwi chochote ingawa tungependa adaiwe.

Tuanze na maneno matatu

La kwanza ni haki. Hapa nakusudia kile ambacho mtu anaweza kukidai mbele ya chombo cha sheria na upande wa pili ukalazimishwa kukitoa. Haki hutokana na mkataba au na sheria yenyewe. Mchezaji ambaye klabu ilimwahidi kwa maandishi mshahara wa miezi minane ikamlipa mitano, mitatu iliyobaki ni haki yake. Hata akiwa tajiri ni haki yake.

La pili ni hifadhi. Hii ni fedha au huduma inayomfikia mtu kwa sababu uliwekwa utaratibu kabla ya shida kumkuta. Ama alichangia mfuko, au sheria imesema kila mwenye sifa fulani apewe. Pensheni ni hifadhi, na bima ya afya vilevile.

La tatu ni hisani. Mchango wa grupu, bahasha ya kiongozi, tajiri aliyeguswa akalipa bili ya hospitali. Hisani ina thawabu kubwa, lakini mwenye nayo akikataa huna pa kumshitaki.

Zaka inakaa pahala pake peke yake na watu wengi huiweka upande usio wake. Kwa mtoaji ni faradhi. Kwa mpokeaji, Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki, wakiwemo mafakiri, masikini na wenye madeni. Mchezaji wa zamani aliyeishiwa anaweza kuingia katika moja ya mafungu hayo, na anaingia kwa umasikini wake, sawasawa na mvuvi au mchukuzi. Magoli aliyofunga hayamsogezi mbele kwenye foleni. Na hawezi kumchagua mtu mmoja akamwambia, "Zaka yako ni yangu mimi."

Tukishika hayo, ugomvi mwingi wa kwenye simu unajieleza wenyewe. Watu wanaidai klabu hisani na kuiita haki, wanaitaka serikali ibebe mkataba ambao haikuusaini, na hifadhi, ambayo ndiyo ingelimuokoa yule mtu wa kwenye godoro, haitajwi kabisa.

Aliyekuwa na kikosi na asiyekuwa nacho

Swali la mwanzo kuhusu mchezaji yeyote wa zamani wa Zanzibar lisiwe "alikuwa mkali kiasi gani?" Liwe hili: aliajiriwa na nani?

Soka letu lina sura mbili. Kuna timu za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, na Polisi ambayo ni ya upande wa Muungano. Na kuna timu za uraiani kama Malindi, Mlandege au Chipukizi ya Pemba. Kwa miaka mingi mzee mwenye mtoto anayejua mpira amekuwa akiomba jambo moja tu, kijana "aingie kikosini". Asiyejua hudhani ni mapenzi ya sare. Mzee anapiga hesabu ya mbali zaidi. Kijana akiajiriwa kikosini, mpira ni sehemu tu ya kazi yake. Goti likiharibika atawekwa getini, stoo au ofisini. Mshahara unaendelea, makato yanakwenda kwenye mfuko wa hifadhi, na akistaafu anastaafu kama mtumishi. Daluga anaweza kuzitundika akiwa na miaka 32, ajira ikaendelea miaka mingi baadaye.

Tahadhari moja: si kila aliyevaa jezi ya kikosi alikuwa na ajira ya kikosi. Wapo waliosajiliwa kuja kucheza tu, wakapewa posho na ahadi kuwa "nafasi zikitoka utaingizwa". Mtaani wote huitwa wachezaji wa kikosi. Kwenye jalada la utumishi mmoja yumo na mwengine hayumo.

Mfuko wenyewe kwa upande wetu ni ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa 1998. Unavyofanya kazi si siri: mwajiri hukata sehemu ya mshahara wa mfanyakazi, anaongeza sehemu yake ambayo ni kubwa zaidi, anapeleka zote mbili. Mfuko haumjui mtu kwa sifa zake za uwanjani, unamjua kwa michango. Klabu isiyopeleka chochote haijamuweka mchezaji wake popote, hata kama ilimbeba mabegani mwaka iliochukua ubingwa.

Na hapa ndipo ilipo karatasi inayowapotosha wengi, fomu ya usajili. Wachezaji wa zamani huitoa wakidai klabu, imekunjwa mara nne, na huiita mkataba. Ukiisoma utakuta jina, tarehe ya kuzaliwa, picha ya pasipoti, jina la klabu, msimu, saini na muhuri. Inathibitisha kuwa msimu ule mtu huyu aliruhusiwa kuichezea timu ile na si nyengine. Mshahara haumo, wala nani atamtibu akivunjika, wala kitakachofuata akiachwa katikati ya msimu. Fomu hiyo ipo kwa ajili ya ligi, ili pasiwe na mchezaji anayechezea timu mbili. Mkataba wa kazi ni karatasi nyengine, na wengi wa waliocheza timu za uraiani miaka ya nyuma hawakuwahi kuuona.

Walikuwa wanapata nini basi? Nauli. Posho baada ya mechi. Pesa ya sabuni. Shabiki mwenye duka Darajani anampa viatu, mwengine anamlipia kodi ya chumba. Kulikuwa na mapenzi ya kweli katika mambo hayo, na si haki kuyabeza. Lakini yote yalikuwa hisani tangu siku ya mwanzo, na mtu aliyelipwa kwa hisani miaka kumi hana cha kudai siku hisani inapokatika. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inamlinda mfanyakazi, ila kwanza ithibitike kuwa alikuwa mfanyakazi. Kwa bahasha zisizo na risiti, huo ni mlima.

Goti halivunjiki kama mkono

Tuje kwenye majeraha, maana hapa ndipo wachezaji wetu wanapoumizwa mara mbili.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini ipo Zanzibar tangu 1986. Mtu akisikia hivyo hufikiri mambo yameisha. Hayajaisha, kwa sababu mwili wa mchezaji hauharibiki kwa namna ambayo sheria kama hizi huielewa kwa wepesi. Beki wa kushoto amepiga chenga kavu, goti limejipinda, amesikia kitu kimekatika ndani. Kano imechanika. Alistahiki vipimo na pengine upasuaji. Badala yake goti limekandwa kwa maji ya moto, limefungwa bandeji, na baada ya wiki sita beki yuko uwanjani, kwa sababu mechi inayofuata ni ya watani. Anacheza misimu minne mengine kwenye goti lililolegea. Gegedu inasagika kidogo kidogo. Maumivu yenyewe khasa yanakuja akiwa na miaka 45, siku ambayo hawezi kupanda ngazi ya ghorofa anayopiga rangi.

Sasa amdai nani? Uongozi wa klabu ushabadilika mara nyingi. Daktari wa timu alikuwa mtu wa huduma ya kwanza. Hakuna aliyeandika popote kuwa siku fulani, katika uwanja wa Mao, mchezaji fulani aliumia goti la kushoto.

Linganisha na mchumaji wa karafuu. Pemba inajua kuanguka mkarafuu ni nini. Mchumaji hana mkataba wa ajira na serikali, mara nyingi hata mkarafuu si wake, analipwa kwa pishi. Hata hivyo ukawekwa utaratibu wa kuwalipa fidia wanaoanguka, kupitia ZSTC, shirika linalonunua karafuu zote. Fikra yake ni kuwa anayefaidika na zao achangie gharama ya miili inayolileta. Hakuna aliyesubiri mchumaji awe mwajiriwa rasmi ndipo ahurumiwe. Lakini mchumaji ana bahati moja ambayo beki wa kushoto hana: anaanguka siku moja, mbele ya watu, na sheha anaweza kuandika. Goti la mchezaji linaanguka kwa miaka kumi na tano.

Kwa hivyo tukitaka kuuiga utaratibu wa karafuu katika mpira, na mimi naona tuuige, hatuwezi kuuchukua ulivyo. Utahitaji kumbukumbu za majeraha zinazoandikwa siku ile ile na kuwekwa pahala ambapo uongozi mpya wa klabu hauwezi kuzitupa.

"Alivaa jezi ya taifa"

Hoja hii ina nguvu ya moyo. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walileta Kombe la Challenge, la Afrika Mashariki na Kati, kutoka Uganda 1995. Walifika fainali tena Kenya 2017 wakatolewa kwa penalti. Januari 2025 walichukua Kombe la Mapinduzi katika uwanja wa Gombani, Pemba, kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1, na Chake haikulala. Nani atasema watu hao hawadaiwi shukrani?

Shukrani wanadaiwa. Ila kuvaa jezi ya taifa peke yake hakuzalishi pensheni, mpaka iwepo sheria au kanuni inayosema hivyo. Zipo nchi zilizoandika. Korea Kusini huwalipa washindi wa medali za Olimpiki malipo ya kila mwezi. India ina pensheni ya wanamichezo waliofanya vizuri kimataifa, inayoanza wakifika miaka 30 na washaacha kushindana. Uganda, jirani hapa, iliweka posho ya mwezi kwa washindi wa medali kulingana na rangi ya medali. Mataifa hayo yana huruma kama sisi tu. Walichotuzidi ni karatasi: nani analipwa, kiasi gani, kutoka fungu gani.

Sisi tunacho nini? Tuna Pensheni Jamii, na ni jambo la kujivunia. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe alikuwa mkulima, mwalimu au mlinda mlango, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haimuulizi mtu alichangia nini. Tatizo lake kwa mchezaji ni umri. Anayetundika daluga na miaka 33 ana miaka 37 ya kusubiri. Kijana aliyekuwa na miaka 25 lilipochukuliwa lile kombe la 1995 atatimiza 70 mwaka 2040.

Pia kuna Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF, ulioanza 2023 na watumishi wa umma. Tena mlango ni ule ule: uwe na ajira, au uwe umeingizwa katika kundi linalohudumiwa.

Kisha kuna ahadi za jukwaani. Timu imerudi na kombe, uwanja wa ndege umejaa, kiongozi anatangaza viwanja vya kujengea, nyumba, ajira. Watu huzihesabu ahadi hizi kama haki. Tazama Nigeria. Mwaka 1994 timu yao ilichukua Kombe la Afrika kule Tunisia na wachezaji wakaahidiwa nyumba. Wachache walipata, wengi wakangoja. Ilipofika 2022 Rais Buhari ndipo akaidhinisha waliobaki wapewe. Miaka 28. Rashidi Yekini, mfungaji bora wa mashindano yale na mtu aliyeifungia Nigeria goli lake la kwanza katika Kombe la Dunia, alikuwa keshafariki miaka kumi kabla, Mei 2012, akiwa na miaka 48. Siku zake za mwisho zilikuwa za upweke na maradhi, na alipokufa Wanigeria walibishana vile vile tunavyobishana sisi: familia, au shirikisho? Mchezaji akiahidiwa kiwanja, aulize siku ile ile barua itatoka ofisi gani.

"FIFA wana pesa nyingi, wasaidie"

Hapa tupite haraka, kwa sababu matumaini ni mengi na njia ni nyembamba.

Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama kamili Machi 2017, na Julai mwaka huo huo ikatutoa. Mlango wetu wa kwenda FIFA ni TFF, shirikisho la Tanzania. Hata tungelikuwa ndani, fedha za FIFA hupelekwa kwa mashirikisho kwa miradi ya maendeleo, si kwa mchezaji mmoja mmoja aliyelala kitandani.

Watu hutaja pia "asilimia tano". Ipo kweli. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Hugawiwa klabu. Mchezaji mwenyewe hapati hata senti katika hizo, na mchezaji wa zamani ndiyo kabisa. Kuna mfuko mwengine ambao FIFA iliuanzisha 2020 kwa dola milioni 16, nao ni wa wachezaji ambao klabu zao hazikuwalipa mishahara na hakuna njia ya kuwadai. Maradhi na umasikini wa baada ya mpira havimo.

Uingereza, tunakoangalia mpira kila Jumamosi, sehemu kubwa ya msaada kwa wachezaji wa zamani hupitia chama cha wachezaji wenyewe, PFA, kilichoundwa 1907. Wachezaji walichangishana wakiwa bado wanacheza. Hilo naliona ndilo la kuiga kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna anayelitaja kwenye grupu, labda kwa sababu halina mtu wa kumlaumu.

"Pesa alizila mwenyewe"

Wapo waliozila, tusidanganyane. Waliokwenda Bara wakachezea Simba na Yanga, wakashika fedha, wakarudi mikono mitupu, hawakosekani. Wapo pia waliokwenda Bara wakatengeneza maisha. Nadir Haroub, Mzanzibari aliyekuwa nahodha wa Yanga, alipostaafu 2018 klabu ilimpa kazi ya umeneja wa timu. Lakini hiyo ni ajira mpya kwa mtu aliyeonekana anafaa, na klabu kubwa zenye nafasi kama hizo ni mbili tatu.

Kwa aliyebaki hapa, hebu tupige hesabu badala ya kusutana. Tuseme mchezaji wa timu ya uraiani alipata wastani wa shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa miezi minane ya msimu, misimu kumi bila ya kuumia. Hizo ni milioni 12 kwa maisha yake yote ya mpira. Tuseme tena alikuwa mtawa, hakula, hakuvaa, hakuoa, akaziweka zote. Azigawe kwa miaka 37 mpaka aifikie Pensheni Jamii: ni kama shilingi 27,000 kwa mwezi, karibu nusu ya pensheni yenyewe anayoisubiri. Na wengi hawakuwahi kuiona hiyo 150,000 kila mwezi. Kwa mchezaji wa aina hii, lawama ya israfu haina mashiko.

Israfu ya kweli iko kwengine. Kati ya miaka 16 na 30, wakati wenziwe wanajifunza ufundi au wanamaliza skuli, yeye alikuwa mazoezini asubuhi na jioni. Hakuna aliyemwambia aache skuli. Hakuna aliyemwambia abaki pia, maana kocha alikuwa anamtaka.

Familia inabeba kilichobaki. Kwa sheria ya dini, watoto wenye uwezo wanawajibika kumlisha mzazi aliyeishiwa, na hili halina mjadala. Lakini yule wa kwenye picha mara nyingi watoto wake bado wadogo, au wako kwa mama yao baada ya talaka. Anayembeba khasa ni dada yake, au mama mwenye miaka sabini na kitu anayepokea ile Pensheni Jamii na kuigawa mara mbili. Kwenye grupu hatajwi. Anaonekana tu kipande cha mkono pembezoni mwa picha, kashika bakuli la uji.

Mchango una kazi yake

Sisemi michango iachwe. Kwa mambo yenye mwanzo na mwisho, kama upasuaji, nauli ya kupelekwa Muhimbili au kiti cha magurudumu, mchango hufanya kazi vizuri kuliko utaratibu wowote, kwa sababu ni wa haraka. Unashindwa kwenye yale yasiyo na mwisho: chakula cha kila siku, dawa za kila mwezi, kodi ya chumba. Mtu hawezi kuchangiwa miaka ishirini. Na kila awamu inahitaji picha mbaya zaidi kuliko ya mwanzo ili watu waguswe. Mimi naona hilo ni dhulma kwa mtu ambaye mtaji wake wote uliobaki ni heshima ya jina lake. Kama lazima picha iwekwe, ile ya jezi inatosha.

Anayemuuguza mchezaji wa zamani leo, mwezi huu, aanze na yasiyohitaji kamera. Kama kocha wa mgonjwa au mkubwa wake aliwahi kumwambia mgonjwa "tumekuajiri", aende ZSSF na kitambulisho cha mgonjwa kuuliza kama jina la mgonjwa limo, kwani wapo waliochangiwa miaka miwili mitatu bila ya kujua. Kwa sheha na maofisa wa ustawi wa jamii amuandikishe kama mhitaji, bila ya kungoja miaka 70. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inashughulika na zaka pia, na misikiti mingi ina kamati. Klabu ya mgonjwa aiandikie barua, kwa ustaarabu, akiomba kitu kimoja mahsusi kinachowezekana, kwa mfano mapato ya mechi moja ya kirafiki. Klabu ikikataa ni haki yake kukataa, ila barua ni vigumu kuipuuza kuliko simu.

Na anayecheza sasa, msimu huu, mambo ni mepesi zaidi kwake kuliko yalivyokuwa kwa kaka zake. Ligi Kuu imepata mdhamini, benki ya PBZ. Uwanja wa Amaan umefanyiwa matengenezo makubwa ukafunguliwa tena mwishoni mwa 2023, na Agosti 2025 ukapokea mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Pesa zinaanza kuonekana kwenye mpira wetu. Aombe mkataba ulioandikwa, nakala abaki nayo nyumbani na si kwa katibu wa klabu. Kama klabu haipeleki michango, ZSSF ina mpango wa uchangiaji wa hiari kwa watu waliojiajiri, na kiasi kidogo cha kila mwezi kuanzia miaka 20 si kidogo ukifika 55. Akiumia, adai karatasi ya hospitali yenye tarehe hata kama amekandwa tu.

Mfuko ukija, nani atakuwemo?

Fikra ya kukata sehemu ndogo ya kila tiketi Amaan na Gombani, na sehemu ya kila udhamini, iende kwenye mfuko wa wachezaji, husikika mara kwa mara barazani. Naiunga mkono. Ugumu wake hauko kwenye kukata, uko kwenye kuamua nani ni mchezaji.

Ligi kuu ya mchezo wa baseball ya Marekani imekuwa na mfuko wa pensheni kwa miongo mingi, na kanuni yake leo ni kuwa mchezaji akifikisha siku 43 kwenye orodha ya timu anaanza kustahiki pensheni. Kanuni hiyo ilikuja 1980. Kabla yake ilitakiwa miaka minne. Wale waliostaafu kabla ya mabadiliko wakiwa na miaka mitatu au miwili walibaki nje, wazee wanaotazama vijana wa mwezi mmoja na nusu wakipata walichonyimwa wao. Mwaka 2011 ndipo walipoanza kupewa malipo kidogo ya mwaka, na hata hayo si pensheni.

Sisi tutachora mstari wapi? Misimu mitatu ya Ligi Kuu? Vipi waliocheza enzi ambazo Unguja na Pemba zilikuwa na ligi zao mbalimbali, kisha zikakutana kwenye nane bora? Vipi aliyecheza Daraja la Kwanza Wete miaka kumi na miwili bila ya kupanda, na goti lake limeharibika vile vile? Na wanawake, ambao mpira wao ulikuwa unapigwa vita mitaani, watathibitisha vipi misimu yao?

Maswali hayo yanajibika, lakini yanahitaji orodha ya majina, klabu na misimu, kuanzia huko nyuma. Sehemu yake imo katika makabati ya ZFF, sehemu katika kurasa za michezo za magazeti ya zamani, na sehemu kubwa vichwani mwa makatibu wa klabu waliostaafu, ambao wengi wao wameshavuka miaka 70. Kuikusanya hakuhitaji fedha nyingi, wala hakuhitaji kusubiri sheria ipite Baraza la Wawakilishi. Vijana wawili wenye kompyuta, na barua ya ZFF ya kuwatambulisha, wanaweza kuianza kwenye klabu yoyote wiki hii.